Muswada unaokugusa uko Augusta: uende mwenyewe, uingie kwa Zoom, uandike, au umpigie mbunge wako?

Januari ikishaingia, simu huanza kulia hapa Portland na kule Lewiston, jimboni Maine, Marekani. Mtu ametumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: kuna muswada umepelekwa bungeni Augusta, mji mkuu wa jimbo, unahusu kodi za nyumba, au msaada wa mji (General Assistance, msaada wa mahitaji ya lazima kwa wasio na kipato) kwa waomba hifadhi, au leseni za wauguzi waliosomea nje, na kamati itasikiliza maoni Jumanne ijayo. Anauliza, "Sasa mimi nifanyeje?" Shangazi yake anamwambia aende mwenyewe akaonekane. Kaka wa kanisani anamwambia Zoom inatosha. Wa tatu anamwambia aandike barua, akalale. Wa nne anasema hao wote wanamchosha bure, ampigie mbunge wake.

Kila mmoja ana sababu zake. Nimepita njia zote nne, mara nyingine nikimkalimania mtu, mara nyingine kwa shida yangu mwenyewe, na nimeona kila njia ikifaa mahali na ikikwama mahali. Hapa nazilinganisha kwa Bunge la jimbo la Maine, maana ndilo ninalolijua. Aliye Texas, Minnesota au Ohio anaweza kutumia vigezo hivi, ila kanuni za kwao ni nyingine. Bunge la Texas, kwa mfano, kwa kawaida hukutana miaka ya namba witiri tu, kwa siku zisizozidi 140.

Muswada unapita wapi

Huwezi kuchagua njia kama hujui muswada wako umefika kituo gani, kwa hiyo tuanzie hapo.

Bunge la Maine lina wawakilishi 151 na maseneta 35. Muswada ukishaletwa hupewa namba inayoanza na herufi LD, na namba hiyo ndiyo uishike kichwani, maana majina ya miswada ni marefu na yanafanana. Katika bunge la 2023 na 2024 namba zilivuka 2,000. Muswada hupelekwa kwenye kamati ya pamoja, yenye wajumbe wa mabunge yote mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, kwa kawaida maseneta 3 na wawakilishi 10. Uzuri wa Maine ni kwamba karibu kila muswada hupata kikao cha wazi cha kusikiliza maoni. Kuna majimbo ambako mwenyekiti wa kamati anaweza kuuacha muswada ukaoza mezani bila mwananchi yeyote kusikilizwa.

Baada ya kikao cha maoni kinakuja kikao cha kazi. Hapo wajumbe wanajadiliana wenyewe, wanarekebisha vifungu, kisha wanapiga kura: upite, usipite, au upite na marekebisho. Mlango uko wazi, unaweza kukaa ukasikiliza, lakini huruhusiwi kusema mpaka uulizwe. Wajumbe wote wakikubaliana kwamba usipite, kwa kawaida huo ndio mwisho wake. Wakigawanyika, ripoti zote zinakwenda kwenye Baraza la Wawakilishi na Seneti.

Ukivuka mabunge yote mawili na ndani yake kuna gharama, unawekwa kwenye meza ya bajeti kusubiri Kamati ya Bajeti iseme kama hela ipo. Watu wengi hawakijui kituo hiki. Wanashangilia kura ya Seneti, wanapigiana simu za hongera, kumbe muswada umelala kwenye meza hiyo na utafia hapo msimu ukiisha. Nimeona machozi kwa ajili ya jambo hili.

Mwisho ni gavana. Ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini, umekuwa sheria. Akitumia kura ya turufu, bunge linahitaji theluthi mbili katika kila baraza kumshinda. Akikaa kimya siku zikapita, unakuwa sheria bila saini yake. Na kanuni hii iliwahi kuamua maisha ya wenzetu. Mwaka 2015 muswada LD 369, uliowaruhusu waomba hifadhi kupata msaada wa mji kwa muda usiozidi miezi 24, ulifika kwa Gavana Paul LePage, ambaye hakuutaka. Siku 10 zikapita hajaurudisha. Yeye alidai bunge lilikuwa limeahirishwa, kwa hiyo alikuwa na muda zaidi. Suala likafika kwa majaji wa mahakama ya juu ya jimbo, na Agosti mwaka huo wakasema muda ulikuwa umekwisha. Miswada 65 ikasimama kuwa sheria, huo ukiwamo. Mnamo Juni 2019, mamia ya watu wengi wao kutoka Kongo na Angola walipowasili Portland ndani ya siku chache na kulazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Expo, sheria hiyo ilikuwa tayari ipo.

Vigezo vitano

Kila njia nitaipima kwa mambo matano, yale yale.

Muda na nauli: itakugharimu saa ngapi, na nani atakubebea zamu au watoto. Lugha: utahitaji Kiingereza kiasi gani, na mkalimani anaingiaje. Faragha: jina lako na habari zako zitabaki wapi. Hiki ndicho kigezo ambacho watu wetu hukisahau, nacho kwa mwenye kesi ya hifadhi ni kizito kuliko vyote. Uzito: wajumbe wanakuchukuliaje. Na wakati: njia hiyo inafaa muswada ukiwa kituo gani.

Kitu kimoja hakimo kwenye vigezo kwa sababu hakitofautiani: uraia. Kila mwaka kuna mzee ananiuliza, "Mwanangu, mimi sina hata green card, watanisikiliza?" Ndiyo, mzee. Hakuna anayeombwa karatasi za uhamiaji ili atoe maoni mbele ya kamati. Unataja jina na mji unaoishi, basi. Na kama hulipwi kwa kazi ya kushawishi wabunge, hakuna pa kujiandikisha. Masharti hayo ni ya wanaolipwa.

Kusimama mwenyewe mbele ya kamati

Muda na nauli. Kutoka Portland hadi Augusta ni kama maili 60, saa moja barabara ikiwa safi. Kutoka Lewiston ni kama nusu ya hapo. Tatizo ni kwamba vikao vingi vinaangukia majira ya theluji, na saa moja inaweza kugeuka mbili na nusu. Ukifika hujui zamu yako ni saa ngapi. Anaanza mbunge mwenye muswada, wanafuata wanaounga mkono, kisha wanaopinga, kisha wasio upande wowote. Muswada wenye watu wengi unaweza kukuweka pale tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo hesabu siku nzima ya kazi, mafuta na chakula. Na chunga saa: tangazo likisema 1:00 PM ni saa saba mchana. Nimewahi kumkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi nje ya chumba tangu alfajiri kwa sababu aliyemsomea tangazo alimwambia "saa moja", naye akaielewa kwa saa zetu.

Baadhi ya vyumba vya kamati viko ndani ya jengo la bunge lenye kuba, vingine jengo la jirani liitwalo Cross, na mapito ya chini ya ardhi yanayaunganisha. Uliza mlangoni, usizunguke nje kwenye barafu.

Lugha. Unapewa dakika tatu. Dakika tatu ni ukurasa mmoja na robo hivi ukisoma taratibu, na ukiwa na mkalimani zinagawanyika nusu kwa nusu. Mpigie karani wa kamati siku chache kabla, umwambie utakuja na mkalimani, umuulize muda utahesabiwaje. Usisubiri kulizungumzia jambo hilo ukiwa mbele ya kipaza sauti. Mpangilio wa salamu ni ule ule siku zote: unamtaja mwenyekiti seneta, unamtaja mwenyekiti mwakilishi, unawasalimu wajumbe, unataja jina lako na mji wako, kisha unasema wazi kama unaunga mkono, unapinga, au huko wala huko. Hili la mwisho ni halali kabisa na lina heshima yake, mtu anaweza kusema, "Nia ya muswada naikubali, kifungu cha tatu kitatuumiza."

Faragha. Vikao vinarushwa mtandaoni na kurekodiwa. Sura yako na sauti yako vitabaki huko. Ukipeleka na maandishi, nayo huwekwa kwenye tovuti ya bunge yakiwa na jina lako. Mwenye kesi ya hifadhi asisimulie mateso yake hapo kabla hajazungumza na wakili wake, maana neno moja lililotofautiana na fomu aliyojaza linaweza kumrudia siku ya usaili. Kama huna wakili, hapa Maine kuna Immigrant Legal Advocacy Project, waulize kwanza.

Uzito. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine, na nitaeleza nilichokiona. Ulikuwa muswada wa nyumba za kupanga. Dada mmoja, anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, alikuja moja kwa moja kutoka zamu, viatu vyeupe vya kazini bado miguuni. Karatasi yake alikuwa ameikunja ndani ya Biblia. Alisoma ukurasa wake, sauti ikitetemeka mwanzoni, ikatulia katikati. Alipomaliza, mjumbe mmoja akamuuliza: unalipwa kiasi gani kwa mwezi, na nyumba inachukua kiasi gani? Hakuwa ameliandika hilo. Alijibu kwa namba mbili, bila maelezo. Chumba kikanyamaza, na mjumbe yule akaandika kitu. Siku ya kikao cha kazi niliwasikia wajumbe wakizirudia zile namba mbili, si maneno ya ukurasa wake. Barua haiulizwi swali, na mara nyingi jibu la swali ndilo linalobaki vichwani mwao.

Uzito huo una upande wa pili. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui na uahidi kulipeleka kwa karani. Niliwahi kubahatisha idadi ya familia zilizopo kwenye jengo tunaloishi, nikakosea, na aliyefuata kusema akaitumia namba yangu kuupiga muswada niliokuwa nautetea. Tangu siku hiyo sisemi namba ambayo sina karatasi yake.

Wakati. Siku ya kikao cha maoni tu. Ikipita, imepita. Kamati hupenda upeleke pia nakala za ulichokisema, na nyingi huomba 20 hivi, kwa ajili ya wajumbe na wafanyakazi wao.

Inamfaa nani: mwenye habari yake mwenyewe inayoonyesha muswada utamfanyaje mtu, anayeweza kupoteza siku ya kazi, na ambaye jina lake kuwa hadharani halimdhuru.

Kuingia kwa Zoom

Njia hii ilikuja na janga la korona na ikabaki. Unajiandikisha kwenye tovuti ya bunge kabla ya kikao kuanza, unatumiwa kiungo, unasubiri jina lako liitwe. Dakika ni zile zile tatu, mpangilio ni ule ule.

Nauli hakuna, na theluji haikuhusu. Muda wa kusubiri, hata hivyo, haupungui. Umehamia tu nyumbani kwako au kwenye chumba cha mapumziko kazini. Mimi niliwahi kuitwa wakati simu imebaki na chaji kidogo, nikapata sentensi mbili, ikazima. Nikaomba radhi kwa barua. Mwenye data ya kupima na simu ya zamani alifikirie hilo.

Kwa lugha, Zoom ina nafuu moja na ugumu mmoja. Nafuu: unaweza kuwa na karatasi yako, tafsiri yako na mtu wa kukusaidia pembeni bila macho ya chumba kizima. Ugumu: mkalimani aliye kwenye simu nyingine mnapokezana kwa kuchelewa, na dakika zinakimbia. Mkae chumba kimoja kama mnaweza.

Faragha ni sawa na kusimama pale, unarekodiwa vilevile. Wengine hudhani kuzima kamera ni kujificha. Jina limeandikwa, sauti imeshikwa.

Uzito wake unakaribia ule wa kwenda mwenyewe, ila haulingani. Wajumbe humuuliza maswali mengi zaidi kidogo aliye mbele yao, na yale mazungumzo ya koridoni, mjumbe anapotoka kunywa maji akakusalimu na kukuuliza jambo la pili, Zoom haina. Haya ni maoni yangu baada ya kukaa kwenye vikao vingi. Wapo wanaoona hakuna tofauti, na kwa muswada wenye watu 5 tu wa kusema huenda wako sahihi.

Inamfaa aliye mbali, Fort Kent au Presque Isle, ambako Augusta ni safari ya kutwa, mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mwenye zamu inayoisha muda wa saa mbili tu kabla ya kikao.

Kuandika

Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Unaandika ukurasa mmoja, unaingia kwenye tovuti ya bunge, unachagua kamati, tarehe na namba ya LD, unapandisha faili, unaonyesha upande wako. Unaweza kuifanya saa sita usiku baada ya watoto kulala.

Kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamkataa mdomoni, maandishi ndiyo mkombozi. Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno yako, kisha utafute wa kutafsiri. Ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza cha kuazima utatoka na sentensi zinazofanana na za watu wengine 40, na wajumbe wanazitambua. Nimewahi kushauri watu wapeleke kurasa mbili, Kiswahili na tafsiri yake chini, ili mjumbe ajue kuna mtu halisi nyuma ya karatasi. Programu ya kutafsiri inaweza kukusaidia kuanza, lakini mwombe mtu asome kabla hujatuma. "Msaada wa mji" na "hifadhi" ni maneno ya kisheria hapa, na programu huyageuza inavyotaka.

Faragha ndipo njia hii inapodanganya. Kwa kuwa umeandika peke yako chumbani, unahisi ni siri. Si siri. Barua yako itakaa kwenye tovuti ya bunge, mtu akitafuta jina lako ataipata hata baada ya miaka. Kwa upande huu maandishi ni wazi kuliko maneno, kwa sababu video yenye urefu wa saa sita hakuna anayeitafuta, ila barua yenye jina inaonekana upesi. Usiweke namba ya kesi, jina la mtoto, wala anwani kamili ya nyumba. Mji unatosha.

Uzito unategemea barua. Mjumbe ana miswada kadhaa siku hiyo na rundo la barua kwa kila mmoja. Anasoma mistari ya kwanza. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na unataka nini, ya pili iseme muswada utakufanya nini. Sifa na shukrani ziende mwisho. Desturi yetu ya kuanza kwa salamu ndefu ni nzuri, ila hapa inakula nafasi ambayo hutaipata tena.

Wakati: bora ifike kabla ya kikao cha maoni. Ikichelewa kidogo bado ina kazi kama kikao cha kazi hakijafanyika. Hapo ipitishe kwa karani wa kamati. Kamati ikishapiga kura, barua kwa kamati imekuwa kumbukumbu tu, na unapaswa kubadili njia.

Inamfaa mwenye zamu mbili, mwenye aibu ya kipaza sauti, mwenye jambo la kitaalamu linalohitaji kueleza kifungu kwa kifungu, na kikundi kinachotaka kuonyesha wingi wake, mradi kila mtu aandike ya kwake.

Kumpigia mbunge wako

Maine ina watu kama milioni 1.4, hivyo kila mwakilishi ana watu wapatao 9,000. Fikiria ukubwa huo: ni kata, si jimbo la uchaguzi kama tunavyolijua Kenya au Tanzania. Wengi wana kazi nyingine, utawakuta dukani, shuleni kwa watoto, kwenye mechi. Namba zao na barua pepe zao zipo hadharani, na ukituma mara nyingi anajibu mwenyewe, si katibu. Novemba 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi, wanawake wenye asili ya Somalia wa kwanza kufika hapo. Nasema hivi si kwa sababu lazima mbunge wako afanane nawe. Nasema ili usidhani nyumba ile ni ya watu wengine.

Muda ni dakika 15 za simu, au saa moja ya kahawa. Lugha ni nyepesi zaidi kuliko njia zote, maana hakuna saa inayohesabu. Unaweza kurudia, unaweza kuweka simu kwenye spika binti yako akakutafsiria. Kwa faragha, mazungumzo ya mdomo hayapandishwi kwenye tovuti. Barua pepe, hata hivyo, ni maandishi kwa mtumishi wa umma na inaweza kuombwa chini ya sheria ya uwazi wa nyaraka, kwa hiyo usiiandike kana kwamba ni siri ya ndoa.

Uzito wake ni wa aina nyingine. Mbunge wako huenda hayumo kwenye kamati ya muswada huo, na hapo simu yako haitabadili kura ya kamati. Lakini anaweza kumfuata mwenzake aliyemo. Anaweza kupendekeza marekebisho. Na yeye peke yake kati ya njia hizi nne ndiye anayeweza kuleta muswada mpya kwa ajili yako, ikiwa shida yako haina muswada kabisa. Hilo lina muda wake: kikao cha kwanza cha bunge huanza Desemba baada ya uchaguzi na maombi ya miswada hufungwa mapema, kikao cha pili, cha mwaka unaofuata, kimebanwa zaidi, hupokea mambo ya dharura, ya bajeti, ya gavana na yaliyoachwa kiporo. Ukienda na wazo lako Machi, atakusikiliza kwa huruma na kukuambia uje msimu ujao.

Na huenda msikubaliane. Nimewahi kukaa na mwakilishi aliyeniambia wazi kuwa atapiga kura ya hapana. Tuliongea nusu saa. Alibaki na hapana yake, ila alinionyesha kifungu kilichomsumbua, nikakipeleka kwa watetezi wa muswada, wakakirekebisha.

Wakati: hii ndiyo njia pekee inayofanya kazi vituo vyote, kabla ya muswada kuwepo, wakati uko kamatini, siku ya kura, na hasa ukiwa umekwama kwenye meza ya bajeti. Hapo vikao vya maoni vimekwisha, ila simu bado zinapokelewa.

Inamfaa kila mwenye subira ya kujenga uhusiano, na asiyetaka jina lake mtandaoni. Haimfai anayetaka kumbukumbu ya hadharani kwamba jamii yake ilisema.

Kulingana na hali yako

Una kesi ya hifadhi na habari yako ni ya hatari: piga simu, ongea kwa mdomo na mbunge wako, na uache jumuiya iseme hadharani. Maine Immigrants' Rights Coalition ni muungano wa mashirika mengi ya wahamiaji, nao hufuatilia miswada kila msimu. Mtu wao anaweza kusimama na kueleza hali bila kulitaja jina lako.

Una karatasi zako, una uzoefu wa moja kwa moja, na bosi wako anakupa ruhusa: nenda Augusta. Peleka na maandishi siku hiyo hiyo, ili mjumbe aliyetoka nje dakika zako tatu akusome baadaye.

Unafanya kazi usiku na umesikia habari ya kikao jana: andika leo. Ukurasa mmoja uliofika kwa wakati unafaa kuliko hotuba uliyoipanga kwa wiki mbili.

Uko Aroostook, kaskazini kabisa mwa jimbo, au una mtoto wa miezi miwili: Zoom, simu ikiwa kwenye chaji, na maandishi yametumwa kabla, ikitokea mtandao ukatike.

Mpo watu 30 msikitini au kanisani na wote mnataka kusema jambo moja: msiende wote kusema lile lile. Chagueni watatu wenye habari tofauti waende, 20 waandike kila mtu kwa maneno yake, na waliobaki wawapigie wawakilishi wao, maana watu 30 mara nyingi wanakaa kwenye maeneo ya wabunge watano au sita, na wengi hawajawahi kuliangalia hilo.

Muswada umeshapita kamati: vikao na barua za kamati zimefungwa kwako. Mpigie mwakilishi na seneta wako kabla ya kura. Umeshapita mabunge yote na una gharama: uliza kama uko kwenye meza ya bajeti, kisha mpigie tena, ukiwa na namba ya LD mkononi.

Na kama unaupinga muswada, haya yote ni yako vilevile. Kwenye karatasi ya kujiandikisha kuna kisanduku cha wanaopinga, na dakika zako ni tatu kama za mwingine.